Kuandika programu za biolojia bila shahada ya biolojia
Ndugu muulizaji, umeandika programu za benki kwa miaka 6 na unauliza kama maabara za jenetiki zitakupokea bila shahada ya biolojia. Zitakupokea, ila ijue kwanza data yenyewe: faili la BED (orodha ya sehemu za kromosomu) huhesabu nafasi za kromosomu kuanzia 0, la VCF (orodha ya mabadiliko ya DNA) kuanzia 1, na ukikosea hapo utaonyesha badiliko la jeni mahali lisipokuwepo, wala programu haitalalamika. Excel nayo (usicheke) iligeuza majina ya jeni kama SEPT2 kuwa tarehe, hata kufikia mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikawa imeiita SEPTIN2. Anza kwa kurekebisha hitilafu ndogo za samtools, programu ya kushughulikia data ya DNA ambayo msimbo wake uko wazi. Mshahara, nakuonya, mara nyingi haufikii wa benki.