Kabla Hujaisifu Orodha ya Mvinyo: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kazi

Nimesoma ripoti zenu za mwezi huu za kukagua orodha za mvinyo za migahawa: za Kisementi, Bugolobi na Muyenga hapa Kampala, na ile ya Entebbe. Karibu zote zinaanza hivi: "Mgahawa una aina nyingi za mvinyo." Wadogo zangu, nawapenda, lakini kosa hilo wenzenu waliowatangulia walilifanya, na anayelilipia ni mwenye mgahawa. Orodha ya mgahawa wa meza kumi haipimwi kwa urefu. Jiulizeni kila chupa ina kazi gani mbele ya chakula cha jiko lile, na mteja anayekubali kuongeza pesa anaongezewa nini. Mkishindwa kujibu hayo mawili, ripoti haijaandikwa.

1. Hesabuni ladha, msihesabu lebo. Orodha moja mliyoisifu ina mivinyo mieupe minane, na sita kati ya hiyo ni ya zabibu ileile, Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini, bei zimekaribiana. Mteja akinywa mmoja ameinywa yote sita. Ukiona hivyo, uliza nani aliyechapisha menyu. Mara nyingi ni msambazaji mmoja: ameleta friji, ameleta glasi zenye nembo, halafu akajaza orodha kwa bidhaa zake. Mwenye mgahawa hana kosa, alisaidiwa akakubali, ila ni haki yake kuambiwa. Chupa kumi na mbili zinatosha: mweupe mwepesi wenye uchachu, mweupe mzito kidogo, wa rangi ya waridi, mwekundu mwepesi unaokubali kupozwa, mwekundu mzito, wa mapovu, na mtamu. Nafasi zinazobaki ni za kuongeza nchi na bei.

Nimetaja mtamu, na sikukosea. Mmoja wenu ameandika kwamba mvinyo mtamu "unashusha hadhi" na uondolewe. Hadhi ya nani? Wateja wetu wengi hapa Kampala wamekulia kwenye soda na juisi ya pashoni, wanapenda utamu, na pesa wanayolipa ni yao. Uliza kama mtamu uliopo ni mzuri. Moscato d'Asti ya Italia, kwa mfano, ina kilevi cha kama asilimia 5 tu, ina mapovu madogo, na inaelewana vizuri na chakula chenye pilipili. Kumdharau anayependa utamu ni ukosefu wa adabu, na kwenye timu yangu sitaki kuuona tena.

2. Someni menyu ya chakula kwanza. Ngege (sato) wa kukaanga anayekamuliwa ndimu anataka mweupe mwepesi wenye uchachu. Luwombo ya karanga, mchuzi unaopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, ina mafuta na uzito, na mweupe wa Chenin Blanc wenye uzito mdomoni unaibeba bila kuifunika. Muchomo (nyama choma) wa mbuzi unataka mwekundu mzito kama Shiraz, au Malbec ya Mendoza kule Argentina, na wa nguruwe unapendeza hata na waridi iliyopoa. Kuna mgahawa kando ya ziwa ambao samaki ndiyo kazi yao, karibu kila sahani inayotoka jikoni ni samaki, lakini mvinyo mweupe ni miwili na mwekundu ni kumi na mmoja. Aliyewatembelea akaupa alama nane kwa "upana". Nilimpigia simu palepale.

3. Msimwambie mwenye mgahawa azidishe kila chupa kwa tatu. Hapa nitakaa, maana jambo hili limemliza mtu.

Mwenzenu mmoja wa zamani, kijana hodari kabisa, alipelekwa kumsaidia mama aliyefungua mgahawa mdogo kwa akiba yake mwenyewe. Alimchagulia chupa vizuri, kwa kweli orodha ilikuwa nzuri kuliko za wengi. Kisha akamwandikia kanuni kwenye daftari: bei ya kununulia mara tatu. Chupa iliyonunuliwa shilingi 35,000 ikauzwa 105,000, watu wakainywa. Chupa iliyonunuliwa 100,000 ikaandikwa 300,000. Na mteja anayeijua chupa ya aina hiyo ndiye huyohuyo anayepita supamaketi na kuiona kwa bei isiyofika nusu ya hapo. Akaangalia menyu, akaona anachezewa, akaagiza bia.

Chupa nzuri zikakaa. Zilipangwa zimesimama kwenye rafu juu ya mashine ya kahawa, kwa sababu ndipo zilipopendeza machoni. Kila asubuhi mvuke, kila mchana jua la dirishani. Tulipokwenda kukagua, nilishika mojawapo. Kizibo kilikuwa kimejisukuma juu kidogo na kuinua foili, na chini ya foili kulikuwa na mchirizi wa mvinyo uliokaukia shingoni. Tukafungua. Rangi imegeuka kahawia kingoni, harufu ni ya matunda yaliyochemshwa yakapitiliza. Tukafungua ya pili, ya tatu, hali ni hiyo hiyo. Kijana akamwomba mama msamaha pale pale, mbele ya wapishi. Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, msamaha nimeupokea. Lakini hizi zilikuwa ada za watoto."

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ile ya 35,000 ikiuzwa 105,000 inaacha 70,000. Ile ya 100,000 ingeuzwa 190,000 ingeacha 90,000, yaani mama anapata zaidi, na mteja anakunywa kitu bora bila kuumizwa. Chupa ikipanda bei, kizidisho kishuke. Mkikagua orodha, chukueni chupa ya chini, ya kati na ya juu, mlinganishe na bei za supamaketi za hapa hapa mjini. Kizidisho kikiwa kilekile juu mpaka chini, andikeni hivyo kwa herufi kubwa.

Na msilinganishe na bei za London. Chupa yetu kwa kawaida imeshushwa Mombasa, imevuka Malaba au Busia kwa barabara, imelipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 kabla haijafika stoo. Kumwita mwenye mgahawa mwizi bila kuyahesabu hayo ni kumwonea.

4. Mwaka wa mavuno usipoandikwa kwenye menyu, omba kuiona chupa. Mweupe wa bei nafuu na waridi ziwe changa. Zikipita miaka mitatu, onja kabla ya kusifu. Kumbukeni pia kwamba Afrika Kusini, Chile na Argentina huvuna mapema katika mwaka, zaidi Februari hadi Aprili, na Ulaya huvuna zaidi Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo mvinyo wa Stellenbosch, Afrika Kusini, wa 2023 umeutangulia wa Ufaransa wa 2023 kwa kama nusu mwaka.

5. Glasi bila kipimo ni bei bila maana: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za 150, kwa hiyo glasi ya 35,000 kutoka chupa ambayo menyu hiyohiyo inaiuza 100,000 ni kumkamua mteja.

6. Mvinyo mwekundu kuwekwa "joto la kawaida" mchana wa Kampala ni kuuharibu. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, kwa hiyo uingie friji kwanza kabla ya kumiminwa.

7. Tafuteni dalili kwamba aliyenunua alitumia akili badala ya jina. Cap Classique, mvinyo wa mapovu wa Afrika Kusini, huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa yake, njia ileile ya Champagne ya Ufaransa, kwa bei ya chini sana. Carménère ya Chile, zabibu ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa ni Merlot hadi ilipotambuliwa mwaka 1994, hutoa mwekundu laini ambao wateja wengi huupenda mara ya kwanza tu. Na mkikuta mvinyo wa Dodoma kwenye orodha, msiupite. Zabibu za kule huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na mwenye mgahawa aliyeangalia kwa jirani kabla ya kuvuka bahari anastahili alama yake, ilimradi uliomo kwenye chupa unanyweka.

8. Mwisho kabisa agizeni glasi ya mwekundu wa bei ya chini, maana ndio unaonywewa na wengi na ndio unaoachwa wazi kaunta. Mwulizeni mhudumu chupa ilifunguliwa lini. Pazuri tarehe imeandikwa kwa kalamu kwenye lebo, na chupa hairudishwi mezani ikishapita siku tatu. Isipokuwa na tarehe, ombeni nyingine ifunguliwe mbele yenu, onjeni zote mbili, kisha andikeni tofauti mliyoikuta.