Soko likifunguliwa, kazi za viwandani huenda wapi?

Swali: Kenya ilipolegeza uagizaji miaka ya 1990, viwanda vya nguo vilifungwa. Mbona baadaye Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje karibu na Nairobi, iliajiri washonaji kwa maelfu?

Jibu: Kazi zilizokufa si zilizozaliwa. Mitumba na vitambaa vya nje viliumiza usokotaji na ufumaji, ambao tayari ulilemewa na mitambo mikuukuu na umeme ghali. Ushonaji uliinuliwa na AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000: shati la poliesta, ambalo ushuru wake unaweza kufika asilimia 32, likishonwa Kenya liliingia Marekani bila ushuru hata kitambaa kikitoka China. Mkulima wa pamba, basi, aliambulia kidogo mno. Tena msamaha huo wa ushuru si mkataba; Marekani huweza kuuondoa yenyewe. Iliiondoa Ethiopia humo Januari 2022, na washonaji wa Hawassa, mji wa viwanda vya nguo nchini humo, wakapunguzwa.