Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, nikakujibu ovyo. Uliniuliza: "Mama, nyinyi mlikuwepo. Ni lini hasa Marekani iligeuka? Ni ile Septemba ya 2001 magaidi waliposhambulia, au siku Trump aliposhinda?" Nikasema 2016, nikakata simu kabla kitunguu hakijaungua. Tangu siku hiyo jawabu lile linanikera, maana silo ninaloliamini, na kitunguu hakikuwa sababu peke yake ya kukukwepa.

Kuhusu Septemba sina mengi. Sisi wa Kenya vita vile vilitufikia mapema, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa wameshika njia zao tu. Kwa hiyo 2001, nikiwa hapa Cleveland, jimboni Ohio, na wewe ukiwa na miaka 2, sikushangaa kama walivyoshangaa majirani. Baada ya hapo jina la baba yako likawa linasomwa mara mbili kila uwanja wa ndege. Yalituuma, lakini nchi kwa jumla ilikuwa bado inaiamini serikali yake, pengine kupita kiasi. Ndiyo maana ilikubali kupelekwa Iraq 2003.

Mimi nasema 2008. Na siisemi kwa ajili ya Obama.

Unakumbuka kazi yangu ya usafi? Ulidhani nasafisha ofisi. Nilikuwa nasafisha nyumba ambazo benki zimezichukua kwa wenyewe walioshindwa kulipa mkopo. Tulikuwa watu wanne na lori moja, na nyingi zilikuwa upande wa Slavic Village, mtaa uliojengwa na Wapolandi na Wacheki waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya chuma. Kufikia 2007 mtaa ule ulikuwa unatajwa nchi nzima kwa wingi wa nyumba zilizochukuliwa. Tukifungua mlango tunakuta wezi wa shaba wametutangulia: kuta zimetobolewa, mabomba yameng'olewa, maji yametiririka hadi chumba cha chini yakaganda barafu. Friji nisikuhadithie. Mimi kilichonishika kilikuwa barua. Karibu kila nyumba ilikuwa na barua za benki ambazo hazijafunguliwa. Nilizikuta kwenye droo za vijiko, na siku moja ndani ya oveni, zimepangwa vizuri kama sahani. Mtu hufika mahali akaiogopa bahasha.

Mikopo yenyewe ilikuwa na mtego. Miaka 2 ya mwanzo riba ni ndogo, unajiona umeukata. Kisha inapanda, na miaka 28 bado iko mbele yako. Na aliyekukopesha hakujali utalipa au hutalipa, kwa sababu deni lako alishaliuza Wall Street, kwa benki kubwa za New York, huko likachanganywa na madeni ya watu wengine maelfu, likauzwa tena. Ukitaka kuomba msamaha hujui umwombe nani. Januari 2008 jiji letu lilizishtaki benki na kampuni za fedha 21 kwa kuiharibu mitaa. Mwaka uliofuata jaji akaitupa kesi.

Sasa angalia majuma yale saba. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers inafilisika. Tarehe 29 wabunge wanaukataa mswada wa kuziokoa benki, na siku hiyohiyo soko la hisa linaporomoka pointi 777. Tarehe 3 Oktoba wamebadili nia, na Rais Bush anatia saini dola bilioni 700. (Tarehe hiyohiyo, 3 Oktoba, mwaka 1965, Rais Johnson alitia saini sheria ya uhamiaji iliyoondoa mgao uliowapendelea watu wa Ulaya. Bila ile sheria, sidhani kama kungekuwa na bahati nasibu ya viza iliyotuleta sisi. Nchi hii ina tarehe zake.) Tarehe 4 Novemba anachaguliwa Obama. Rais Kibaki akatangaza tarehe 6 iwe sikukuu Kenya nzima, shangazi yako akatupigia kutoka Mombasa, nikawa sisikii neno ila vigelegele. Baba yako alilia. Mimi pia.

Tarehe 20 Januari 2009 nilikuacha usiende shule ili umwone akiapishwa. Ulikaa sakafuni na bakuli lako la maandazi.

Wiki chache baadaye tulihama. Ulinuna, ukataka kujua kwa nini unaondolewa shuleni katikati ya mwaka, tukakwambia tumepata nyumba iliyo karibu na kazi ya baba. Tulikudanganya, mama. Mwenye nyumba wetu alikuwa akipokea kodi yetu kila mwezi na benki hapeleki kitu. Yeye naye alikuwa amenunua nyumba kadhaa kwa mikopo ileile. Sisi hatukukosa kodi hata mwezi mmoja, risiti ninazo mpaka leo. Tukabandikiwa karatasi mlangoni, basi. Tarehe 20 Mei 2009 ikatoka sheria ya nchi nzima ya kuwapa wapangaji kama sisi angalau siku 90. Sisi tulishatoka Februari.

Halafu siku moja mwezi Machi nikapewa orodha ya kazi za wiki, nikaona anwani yetu. Nilimwambia bosi naumwa.

Ndiyo maana nasema 2008. Watu waliona kwa macho yao nani hutupiwa kamba akizama na nani huambiwa aogelee. Mpango wa kuwapunguzia wenye mikopo ulitangazwa, ukaahidi kusaidia familia milioni 3 hadi 4, haukufika huko. Ukitaka kuhesabu wakubwa wa Wall Street waliofungwa, kidole kimoja kinatosha. Na hasira, mwanangu, haikwenda ilikostahili. Februari ileile tuliyohama sisi, tarehe 19, mtangazaji mmoja wa televisheni ya biashara alisimama kwenye soko la fedha la Chicago akifoka kwamba watu wasilipishwe madeni ya majirani zao walioshindwa. Ya majirani, si ya benki! Kutoka hapo Tea Party, vuguvugu la wahafidhina, ikashika moto, na Novemba 2010 chama cha Republican kikaongeza viti 63 bungeni.

Baba yako hakubaliani nami, na ukimpigia atakwambia. Yeye anasema nayapamba mambo. Anasema wengi hawakukasirishwa na benki, walikasirishwa na mtu mweusi kuketi Ikulu, na ushahidi wake ni ule uvumi kwamba Obama alizaliwa Kenya, uvumi ambao Trump aliushika na kuutembeza hadi Aprili 2011 Obama akalazimika kutoa cheti chake kirefu cha kuzaliwa. Kwetu Mombasa uvumi ule ulikuwa kichekesho, watu waliulizana mbona kijiji hakimjui mkunga wake. Hapa haukuwa kichekesho. Kwa hilo baba yako ana haki, nami humwambia hivyo, ila si kila siku.

Lakini mimi namfikiria yule mzee wa mbwa, wa nyumba ya pili. Kiwanda chake cha chuma kilishafungwa kabla wewe hujazaliwa. Alimpigia Obama kura 2008, akampigia tena 2012, kwa sababu Obama aliviokoa viwanda vya magari na mpwa wake alikuwa huko. Wangapi Ohio walifanya kama yeye! 2016 akaweka bango la Trump uani. Nilimuuliza, maana tulikuwa tumezoeana. Akasema, "Huyu angalau amekasirika." Sikuwa na la kumjibu, nikamwachia sahani ya sambusa nikarudi zangu. Mwaka ule Trump aliichukua Ohio kwa takriban pointi 8.

Nyumba yetu ilikaa tupu miaka, mwisho ikabomolewa kama maelfu ya nyumba nyingine za Cleveland. Sasa ni kiwanja cha majani. Yule mzee ndiye anayeyakata, na hakuna anayemlipa. Mtufaha wa uani, ule uliokuwa ukiupanda, bado upo, na mwaka jana ulizaa. Alituletea mfuko mzima.

Ukija Novemba tutapita huko, ukipenda. Risiti nazo nitakutolea.

Baba anakusalimu sana. Usisahau koti zito.

Mama yako