Jibu: Nianzie wapi kujifunza kemia ya resini zinazoganda kwa mwanga?

Umeuliza uanzie wapi kujifunza kemia ya resini zinazoganda kwa mwanga, na kwa nini sampuli yako inabaki ikinata juu hata ukiimulika kwa muda mrefu. Nakushauri uanze na hilo la pili, kwa sababu ukilielewa barabara utakuwa umeshika sehemu kubwa ya misingi.

Mimi nilianza kwa kukariri majina ya monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa plastiki ngumu, na sikufika mbali. Mambo yalifunguka nilipojiuliza mwanga ukiingia kwenye resini unafyonzwa na nini. Monoma yenyewe, iwe akrilati au methakrilati, karibu haifyonzi kabisa mwanga wa zambarau wa nanomita 405; kinachoufyonza ni kianzishi, ambacho huchanganywa kwa kiasi kidogo tu. Vipo vianzishi vinavyokatika vipande viwili na kutoa radikali huru (vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzi, vinavyoungana upesi na vingine) papo hapo, na vipo vingine, kama benzofenoni, ambavyo lazima vinyang'anye hidrojeni kutoka kwa molekuli nyingine, mara nyingi amini. Kamforikwinoni inayotumika katika kuziba meno ni ya kundi hili la pili, nayo hufyonza zaidi karibu na nanomita 470, ndiyo maana taa ya daktari wa meno ni ya buluu. Taa isiyolingana na kianzishi haitagandisha kitu, hata iwe kali namna gani.

Radikali ikishapatikana hujiunga na monoma, monoma hiyo nayo ikawa radikali, na mnyororo ukarefuka. Hapo ndipo oksijeni inapoingilia. Oksijeni huikamata radikali na kuigeuza kuwa peroksili, ambayo ni mvivu mno kuendeleza mnyororo. Ile iliyoyeyuka ndani ya resini huisha upesi, lakini juu hewa huleta nyingine kila mara. Nililiona hili kwa macho yangu nilipofunika nusu ya sampuli kwa karatasi ya plastiki angavu na kuiacha nusu nyingine wazi, kisha nikaimulika yote kwa pamoja: nilipoibandua plastiki, upande uliofunikwa ulikuwa mkavu na ukucha uliteleza juu yake, ilhali upande wa wazi ukucha uliacha mfereji. Fanya jaribio hilo kabla ya kuongeza muda. (Vaa glavu za nitrili, tafadhali, akrilati isiyoganda inaweza kuifanya ngozi iwe na mzio wa kudumu.)

Jaribio la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Mimina resini juu ya kioo, imulike kutoka chini kwa sekunde 2, 4, 8 na 16, kila mara mahali papya, futa resini iliyobaki majimaji, kisha pima unene wa kila kipande. Utaona kwamba kuongeza muda maradufu hakuongezi unene maradufu, bali huongeza kiasi kilekile kila mara, kwa kuwa mwanga hufifia kwa kipeo kadiri unavyozama. Chora unene dhidi ya logarithimu asilia ya nishati (ukali wa taa mara muda): mteremko wa mstari ni kina cha upenyaji wa mwanga, na mahali mstari unapokata mhimili wa nishati ni kiwango cha chini kabisa kinachohitajika ili jeli ianze kufanyika. Ikiwa kina hicho ni milimita 0.15, kila unapozidisha muda mara mbili utapata takriban milimita 0.1 zaidi.

Ukali wa taa nao una hesabu yake. Radikali zikiwa nyingi hukutana zenyewe kwa zenyewe na kuzimana, hivyo kasi ya mmenyuko kwa kawaida hufuata kipeuo cha pili cha ukali: taa kali mara nne huongeza kasi mara mbili tu.

Epoksi zinazoganda kwa njia ya kationi (ioni zenye chaji chanya) badala ya radikali ni habari nyingine. Hazisumbuliwi na oksijeni, ila unyevu na besi huzidhoofisha, na huendelea kuganda hata taa ikizimwa. Ziache kwanza, mpaka grafu yako ya akrilati inyooke.