Mama aache wali, ale dona?

SWALI: Mama yangu ana miaka 56. Alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikawa 7.8, wiki iliyofuata 7.5. Jirani kamwambia wali ndio uliomponza, ale dona tu. Hamu ya wali ikimzidi, auchemshe kisha amwage maji ili sukari itoke. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mpe mama pole. Vipimo viwili vya asubuhi kufika 7.0 au zaidi ni kisukari, si "sukari imepanda kidogo". Kama hajaanza kliniki, aanze wiki hii.

Jirani hajakosea kote. Mchele mweupe huacha pumba na kiini mashineni, na wanga unaobaki hugeuka sukari upesi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2012, wa watu zaidi ya 350,000 wa China, Japani, Marekani na Australia, uliona kila kipimo cha wali kinachoongezeka kwa siku kikiandamana na hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari kwa takriban 11%. Ni wingi wa wali unaozungumziwa hapo.

Kinachonichosha ni hiyo dona. Kila mara napokea mtu aliyeacha wali miezi mitatu, sukari imegoma kushuka, naye anaapa hajagusa hata punje. Namwambia anionyeshe kwa ngumi ugali anaokula. Anaweka ngumi mbili mezani, anafikiri, anaongeza ya tatu. Na mboga? Kijiko cha mchuzi! Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, sawa, lakini wanga wake ni wanga. Ngumi tatu za dona zitampandisha sukari kuliko ngumi moja ya wali yenye maharage na mchicha pembeni.

Kumwaga maji nako hutoa wanga kidogo tu, ule uliokwisha kutoka kwenye punje. Vitamini ndizo zinazokwenda na maji.

Kwa hiyo mama ale wali wake, robo ya sahani. Nusu iwe mboga za majani, robo iliyobaki samaki au maharage. Apime sukari saa mbili zikishapita tangu ale, aone mwenyewe.

Ila jiandaeni, maana akiondoka jirani wa dona huja jirani wa chupa. "Dawa ya asili, inamaliza sukari, vidonge tupa." Baadhi ya hizo "asili", katika nchi mbalimbali, zimekutwa zimechanganywa kimyakimya na vidonge vilevile vya hospitali, bila kipimo. Nyingine ni maji machungu tu. Mgonjwa wangu mmoja aliacha metformin, kidonge chake cha kisukari, kwa ajili ya chupa kama hiyo. Alirudi akichechemea, kidonda kisiginoni, na kimashine cha kupimia sukari hakikutoa namba: kiliandika HI, yaani sukari imepita kiwango kinachoweza kusoma.