Paka wa moto asiyechoma: ninavyomtumia Incineroar kwenye mechi za wawili wawili

Wadau, leo nataka kuongelea Incineroar, paka wa moto wa gemu ya Pokémon, kwasababu ndo kiumbe niliyemtumia kuliko wote na pia ndo niliyemtumia vibaya kwa muda mrefu kuliko wote. Ukimuangalia tu yule paka, kifua kimetuna kama mwanamieleka, mkanda wa moto kiunoni, ataki yake ya msingi ni 115, muvu yake kubwa Flare Blitz ina nguvu 120, akili inakwambia moja kwa moja huyu ni wa kupiga. Na mimi ndo nilivyofanya, nikajaza pointi zote 252 za EV (pointi za mafunzo unazogawa mwenyewe, 252 ndo mwisho kwa sehemu moja) kwenye ataki, nyingine kwenye spidi, halafu kila raundi ni Flare Blitz, Flare Blitz, Flare Blitz. Nilikuwa nashinda mechi kadhaa nikikutana na watu wanaoanza, ila nikipanda juu kidogo kwenye Showdown, ile tovuti ya kuchezea mechi za Pokémon, napigwa mfululizo hadi nazima simu nalala na hasira.

Shida ni hii. Flare Blitz inakurudishia maumivu, theluthi moja ya damu unayomtoa mpinzani inatoka na kwako. Spidi yake ya msingi ni 60, kwaiyo hata umjaze vipi karibu kila mshambuliaji wa maana anampita, anapigwa kwanza ndo anapiga, anajiumiza mwenyewe, raundi ya tatu hayupo. Na akiondoka mapema timu nzima inabaki wazi. Nilikuja kuelewa siku jamaa mmoja tuliyezoeana kwenye gemu alipoangalia marudio ya mechi zangu akaniuliza swali moja tu, "mbona huyo paka wako hatoki uwanjani?"

Nikakaa nalo hilo swali. Kwenye mpira kuna namba sita, kiungo mkabaji, yule ambaye mechi ikiisha hakuna anayetaja jina lake ila siku asipocheza timu inafungwa manne. Incineroar ni namba sita. Kazi yake ni kuingia, kuvuruga, kutoka, halafu kuingia tena, na moto wake ndo kitu cha mwisho kabisa unachokifikiria.

Kwa asiyejua fomati yenyewe, ni hivi: unakuja na sita, mnaoneshana timu zote kabla ya kuanza, unachagua wanne, wawili wanaanza uwanjani wawili wanabaki nyuma, na wote wanahesabiwa levo 50. Kila Pokémon anashika kifaa kimoja, na hakuna vifaa viwili vinavyofanana kwenye timu. Sasa kwenye mazingira hayo ya wawili wawili ndo uwezo wake unaoitwa Intimidate unakuwa mzito, maana akiingia tu anashusha ataki ya wapinzani WOTE wawili hatua moja, yaani mapigo yao ya mwili yanabaki na theluthi mbili ya nguvu. Hujabonyeza kitu bado. Umeingia tu. (Hakikisha ana Intimidate kweli, kwasababu ule wa kawaida anakuja na Blaze, Intimidate ni uwezo wa siri, kwenye gemu za Scarlet na Violet unahitaji kifaa cha Ability Patch kumbadilisha. Kwenye Showdown unachagua tu.)

Raundi yake ya kwanza ana Fake Out. Inatangulia karibu kila muvu, inamfanya mmoja wa wapinzani astuke na apoteze raundi yake, ila inafanya kazi raundi ya kwanza tu tangu aingie uwanjani. Halafu ana Parting Shot, hii inamshusha mpinzani mmoja ataki na ataki maalum (ile ya mapigo yasiyo ya mwili) hatua moja moja, na Incineroar mwenyewe anatoka unamleta mwingine. Hapa ndo nilipokuwa sioni mbele. Yaani akishatoka, siku akirudi Intimidate inapiga tena, na Fake Out inafufuka tena! Mpinzani aliyekula Intimidate moja na Parting Shot moja ataki yake imebaki nusu. Nusu kabisa. Akila Intimidate ya pili imebaki asilimia 40. Anaweza kujisafisha kwa kufanya sabu, ni kweli, ila akifanya sabu amepoteza raundi, na raundi hiyo mwenzako wa pembeni amepiga bure.

Na ule uzito wake wa spidi niliokuwa naulalamikia, kumbe ni faida. Unapotoka ukiwa wa mwisho kwenye raundi, Incineroar ndo anakula lile pigo, halafu mwenzake anaingia mzima bila kuguswa. Ukiwa na spidi kubwa unatoka mapema na yule anayeingia ndo anapigwa. Kwaiyo saivi siweki hata pointi moja kwenye spidi, inabaki 80 pale levo 50 na imenitosha. Pointi zinaenda kwenye HP zote 252, damu inafika 202, zinazobaki nagawa kwenye difensi zote mbili kutegemea na nani ananisumbua kipindi hicho.

Kuhusu kifaa, nilianza na Assault Vest kwasababu inaongeza difensi maalum nusu yake, ila Assault Vest inakataza muvu zisizo za kupiga, maana yake Parting Shot huna, unabaki kutoka kwa U-turn kama watu walivyofanya enzi za Sun na Moon. Inafanya kazi ila kwangu mimi inamkata mguu. Sasa hivi nabadilisha kati ya Sitrus Berry, ambayo damu ikifika nusu inakurudishia robo, na Safety Goggles. Safety Goggles nakushauri sana kama unakutana na Amoonguss, yule uyoga, kila siku, kwasababu inazuia Spore isikulaze na Rage Powder isikuvute, na kulazwa ukiwa ndo umeingia na kazi yote iko mbele yako inauma sana.

Seti yangu ni Fake Out, Parting Shot, Knock Off na Flare Blitz. Knock Off naipenda kuliko watu wengi wanavyoipenda, inamnyang'anya mtu kifaa chake na ikimkuta nacho inapiga kwa nguvu zaidi, 65 inakuwa kama 97. Ukishamtoa mtu kifaa raundi ya pili, mpango wake wote wa mechi unayumba.

Wa kucheza naye pembeni, mimi nimetulia na Rillaboom. Yeye ana Fake Out pia na ni mwepesi zaidi, spidi yake ya msingi 85, na uwanja wake wa nyasi unarudisha damu kidogo kila raundi kwa wote waliokanyaga chini, paka akiwemo, halafu unapunguza Earthquake kwa nusu, na Incineroar ardhi inamuumiza. Incineroar naye anamlindia Rillaboom dhidi ya barafu na moto. Wa tatu awe wa maji, wengi wanamuweka Urshifu wa Rapid Strike, na hapo unakuwa na moto, maji na nyasi wanaobadilishana, mmoja akitishwa mwingine anaingia.

Njia nyingine niliyoijaribu kwa miezi kadhaa ni ya Trick Room. Trick Room inatokea mwisho kabisa wa raundi, kwaiyo anayeiweka anakula mapigo mawili kabla haijakubali. Ukimuweka Incineroar pembeni mwa Farigiraf, yeye ndo anayeiweka, Fake Out inamnyamazisha mmoja, Intimidate inampunguza yule wa pili kama ni wa mapigo ya mwili, na Trick Room inaingia. Baada ya hapo wenye spidi ndogo ndo wanatangulia na paka wako ana raha.

Sasa hapa tuongee ukweli, kuna timu ambazo ukimuanzisha Incineroar kichwa kichwa umejichimbia shimo mwenyewe. Kingambit ana Defiant, ukimshusha chochote ataki yake inapanda hatua mbili, kwaiyo Intimidate yako imempa zawadi. Milotic mwenye Competitive hivohivo, yeye inapanda ataki maalum. Mechi moja ambayo siisahau, nilikuwa naongoza wanne kwa watatu, nikamleta paka kwa mazoea tu bila kuangalia nani kasimama, Kingambit akapanda, na raundi mbili zilizofuata akanifyeka Rillaboom na mwingine wa pembeni. Kitu nilichojifunza ni kwamba Kingambit hamuui Incineroar kirahisi, mapigo yake ya giza na chuma paka anayahimili yote, na Flare Blitz inamuumiza mara mbili. Anayekufa ni jirani. Kwaiyo ukimuona Kingambit kwenye ile sita ya mwanzo, usimlete paka Kingambit akiwa kasimama, muweke paka nyuma, mlete Kingambit akiwa benchi, au kama lazima umlete basi siku hiyo umekuja kuchoma na usizungushe.

Gholdengo ni hadithi nyingine. Ni mzimu, Fake Out inampita. Muvu zisizo za kupiga hazimgusi, kwaiyo Parting Shot nayo haimhusu. Ukiwa bado una kichwa cha kuingia na kutoka utakaa raundi tatu hujafanya kitu. Ila ni chuma na mzimu, moto unamuumiza mara mbili, giza linamuumiza mara mbili, na yeye mapigo yake ya chuma na mzimu hayakuumizi sana. Hapa ndo mkanda ule wa moto unawashwa. Mechi na Gholdengo ndo mechi ninazobonyeza Flare Blitz raundi ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Na yule Urshifu wa maji niliyemtaja, akiwa upande wa pili kuwa makini mno. Surging Strikes yake inapiga mara tatu na kila pigo ni kritiko, yaani pigo lenye nguvu ya ziada, na kritiko haijali kwamba umemshusha ataki. Watu wanaona "nimemshusha hatua mbili, nitavumilia" wanabaki uwanjani, na maji yanampiga paka mara mbili. Usibaki. Protect, ile muvu ya kujikinga raundi moja, nayo haikusaidii, anapenya. Kama una Tera bado (ule uwezo wa kumbadilisha Pokémon aina yake katikati ya mechi), Tera ya Nyasi imeniokoa hapo mara nyingi, na Nyasi inakupa pia kinga ya Spore, ila kumbuka Tera ni moja kwa mechi nzima kwa timu yote, usimpe namba sita kama kuna mshambuliaji anaihitaji.

Kuna furaha moja ndogo ambayo hawaisemi sana, aina yake ya Giza. Pokémon wenye Prankster, kina Whimsicott na Grimmsnarl, muvu zao za ujanja zinazotangulia kwa Prankster hazimfanyi kitu paka wa giza. Taunt ya kumzuia muvu zisizo za kupiga haimpati, Encore ya kumlazimisha arudie muvu haimpati. Na Fake Out inatangulia Tailwind ya Whimsicott, ile ya kuongeza spidi ya timu yake, kwaiyo wakianza naye mbele yako wewe mstue tu, mpe mwenzako raundi nzima ya kufanya kazi. Wajanja watafanya Protect raundi ya kwanza kukwepa Fake Out, sawa, wamefanya Protect, mwenzako wa pembeni ametumia raundi hiyo kujipanga. Ila ukishaona mtu ana tabia ya Protect, Parting Shot yako usiielekeze kwake, ikigonga Protect hutoki, unabaki pale pale umeduwaa.

Zoezi nililojipa mwenyewe ndo nakupa na wewe: cheza mechi kumi kwenye Showdown ambazo hubonyezi Flare Blitz kabla paka hajatoka uwanjani walau mara moja, ukiacha zile za Gholdengo na Kingambit. Usihesabu umeshinda ngapi. Hesabu ameingia mara ngapi kwa kila mechi. Mimi mwanzoni ilikuwa mara moja tu, anaingia, anafia hapo hapo. Siku hizi mechi ndefu anaingia mara tatu, mara nne, na mara nyingi mechi inaisha bado yuko hai benchi akiwa na damu theluthi, hajaua mtu hata mmoja.