Ghana ni saa tatu nyuma

Umesema Ghana wako saa mbili mbele yetu hapa Kenya, na kwamba maisha ya shamba ni yale yale. Ni saa tatu, si mbili, na wao ndio walio nyuma. Hapa Mombasa ikiwa saa sita mchana, Kumasi ni saa tatu asubuhi, mwaka mzima, maana si Kenya si Ghana inayobadilisha saa. Nina shemeji huko. Nikimpigia baada ya swala ya alfajiri namkuta bado yuko ndotoni. Ila angalia, wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo "saa tisa" yao ya asubuhi ndiyo hiyo saa tatu yetu. Nilishakesha bure kwa hilo.

Na hayo ya maisha ya shamba kuwa yale yale, nusu kweli. Muhogo upo kote, ila wao huutwanga ukawa fufu. Kwenye ugema, kutoa pombe ya mti, ndipo tunapoachana kabisa: mgema wa Kaloleni, huku kwetu pwani, hukwea mnazi asubuhi na jioni, kisu kiunoni, na mti unabaki hai. Kule mara nyingi mchikichi huangushwa kwanza, ukagemwa umelala chini. Mijikenda, mtu wa huku pwani, akiona hivyo atalia.